Gasketi za hedi kwa Subaru ya tabo: nimefungua mara 3, naleta ripoti

Wakuu, nina Forester ya tabo, injini EJ20, nimeitia tyuni busti (presha ya hewa ambayo tabo inasukuma kwenye injini) ikatoka kama bar 0.8 ikafika 1.2, na baada ya hapo hedi (vifuniko vya silinda) zimefunguliwa mara tatu sababu ya gasketi, yani kile kizibo kinachokaa kati ya hedi na bloku, kwa hiyo sio habari za kusikia kijiweni.

Ilianzia Lamadi natokea Musoma. Nikienda taratibu mshale wa joto umetulia, nikikanyaga kuovateki lori unapanda, nikiachia unashuka. Nikapaki, nikafungua boneti, kwenye kitanki cha akiba vipovu vinatoka kimoja kimoja kama uji unaotaka kuchemka, na mpira wa juu wa rejeta mgumu kama jiwe. Hapo ujue gesi ya silinda inaingia kwenye maji. Kuna jamaa akanishauri nichote tu ya ziwani nijazie nisepe, nikamwambia kaka asante, maji matupu bila kulanti (dawa ya rejeta) ndo yanakula aluminiamu pembeni ya vitundu vya maji, siku ukifungua unakuta hedi ina mashimo kama jino bovu.

Gasketi ya kwanza niliinunua duka moja mjini (silitaji), boksi limeandikwa orijino, ndani kompoziti (ya nyuzinyuzi zilizogandishwa, yenye pete za chuma). Kompoziti sio mbaya kwa gari ya kawaida, tena inavumilia hedi ambayo haijalainika sana, ila busti ikipanda haina ubavu. Wiki tano. Tulipofungua, pete ya chuma inayozunguka silinda ya 4 imesinyaa na pana mstari mweusi kama umechorwa na njiti ya kiberiti, unatoka pale mpaka kwenye tundu la maji.

Ya pili kopa (shaba). Yani kopa yenyewe haipasuki kirahisi, shida yake kuziba maji, na mara nyingi bloku inatakiwa ichongwe mfereji uwekwe waya wa kuzuia gesi ya silinda, ni mambo ya gari za mashindano zinazofunguliwa kila leo. Mimi gari ya kwenda kununua sato Mwaloni! Asubuhi ya pili tu ilikuwa inalia maji chini.

Ya tatu ndo ninayoisifia, MLS (multi-layer steel) ya kampuni ya Cometic, vyuma vyembamba vimepangwa tabaka juu ya tabaka vina mipako ya mpira, vikibanwa vinajirudisha kama springi, hedi ikinyanyuka kidogo kwa presha vinaifuata. Niliagiza kupitia Dar ikaja na basi. Nilitaka nene kabisa nishushe kompresheni (kiasi silinda inavyobana hewa), fundi wangu mzee mmoja wa Nyakato akanikatalia, "mwanangu, unene sio dawa." Akanipigia hesabu: silinda ya milimita 92, kompresheni 9 kwa 1, ukiongeza unene wa nusu milimita inashuka kama 8.6 tu, halafu unapoteza ule mbano wa pembeni ya pistoni unaochanganya mafuta na hewa, injini inaweza hata kugonga zaidi, yani mafuta kujilipukia yenyewe vibaya ndani ya silinda. Na kugonga ndo muuaji wa gasketi, sio busti peke yake. Basi kwa kuwa hedi zilishaskimiwa (zimechongwa uso kwa mashine), nikachukua ya inchi 0.040, kama milimita 1, kufidia kilichokatwa. Angalia pia tundu la gasketi lizidi silinda kidogo, ukingo ukichungulia ndani unageuka kaa la moto.

Sasa sikilizeni hapa, maana ndo hela zinapopotelea. MLS haitaki uso wenye mikwaruzo. Yule fundi wa mwanzo alikuwa anasugua hedi na msasa uliozungushiwa kipande cha mbao, mimi nimesimama pembeni nakula karanga naona kazi inaenda! Mzee alishusha injini, bloku na hedi zote mbili zikaenda mashine, zikarudi ukipitisha ukucha haukwami popote. Akaweka rula ya chuma akajaribu kupitisha chini yake fila geji (kibati cha kupimia mwanya) ya milimita 0.05, ikagoma. Silikoni hakugusa kabisa. Bolti za zamani zikatupwa, tukafunga stadi (vyuma vya kubania hedi kwa nati) za kampuni ya ARP na ile grisi yake, tukakaza kwa toki renchi (spana ya kupima nguvu) hatua tatu, na tyuna akapunguza kidogo taiming, yani muda wa plagi kutoa cheche.

Hadi leo nimeshapiga Shinyanga mara nne, Musoma mara mbili, kitanki kimetulia. Nyota nne. Moja nimeikata kwa sababu gharama ya mashine na stadi ilizidi ya gasketi zenyewe na hakuna muuzaji aliyenitajia hilo kabla sijalipa.