Kozi ya sauti kuhusu tanzia: somo la Creon limenishika, la Othello naomba walirudie

Juzi nimemaliza kozi moja ya sauti kuhusu tanzia, yaani tamthilia zinazoishia kwa maafa ya mhusika mkuu, masomo 12, unadaunlodi kwenye simu unasikiliza mdogomdogo, kila somo dakika 40 hivi, na kozi nzima inafuatilia jambo moja tu, dosari ya mhusika inavyomfikisha kwenye anguko. Jina lake sitalitaja kwa sababu nina malalamiko na sitaki kuchafua kazi ya watu, ila naandika kwa ajili ya yule anayetafuta kitu cha kumsaidia kuzielewa hizi tamthilia, ajue anachokwenda kukutana nacho.

Nianze na kilichonigusa, somo la 5, Antigone ya Sophocles, mwandishi wa Ugiriki ya kale. Hii tamthilia nilishaisoma mara mbili na yale yaliyosemwa pale sikuwahi kuyaona. Mnakumbuka Creon, mtawala wa Thebes, kakataza maiti ya Polyneices isizikwe, Antigone akaenda kumzika kaka yake, Creon akaamuru binti afungiwe pangoni angali hai. Mwanawe Haemon ambaye ndiye mchumba wa binti anamsihi, hasikii. Anakuja Teiresias, mtabiri kipofu, Creon anamwambia kahongwa. Ni mpaka yule mzee aondoke ndo hofu inamwingia anasema basi nabadilisha. Wengi wetu tunaishia hapo, tunasema Creon mkaidi, kachelewa, majuto ni mjukuu, tunafunga kitabu.

Sasa mwalimu akauliza: baada ya kubadilika, alienda wapi kwanza? Maana wale wazee wa korasi, kundi linaloimba na kutoa maoni jukwaani, walimwambia waziwazi, nenda kamtoe binti pangoni, kisha umjengee kaburi yule aliyelala nje. Binti alitajwa wa kwanza. Creon akaanza na maiti. Wakaiosha, wakachoma mabaki ambayo mbwa walikuwa wameshayararua, wakarundika udongo juu yake vizuri kabisa, ndipo wakageuza njia kwenda pangoni. Wanafika, Antigone kashajinyonga kwa kitambaa, Haemon kamkumbatia kiunoni analia, baba anaingia anamwita, mtoto anamtemea mate usoni, anachomoa upanga kumfuata baba, anamkosa, anajichoma yeye mwenyewe. Na mama yake Eurydice akisikia habari naye anajiua.

Nilizima sauti nikakaa. Kwa sababu pale mtu kashaacha ukaidi! Kakubali kosa, anakimbia kulirekebisha, na bado anaangamiza kila mtu wake, maana hata katika kutubu kwake alitanguliza jambo la serikali, ile amri, ile maiti, halafu ndo binti aliye hai akafuata. Mwalimu alisema dosari usiitafute kwenye kosa tu, itafute hata kwenye jema analolifanya mtu, na kwangu mimi hiyo sentensi ndiyo kozi nzima. Tangu siku hiyo kila tamthilia naisoma hivyo.

Ndo maana masomo mengine yaliniuma, kwa kweli. Somo la 1 walianza vizuri na Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, wakaeleza lile neno lake hamartia, kwamba linatokana na kitenzi ambacho Wagiriki walikitumia hata kwa mrusha mkuki au mshale akikosa shabaha, na kwamba mtu anayefaa kwa tanzia hajawa mwema kupindukia wala si mwovu, anaanguka kwa kosa. Safi sana. Halafu somo la 3 wanakutumia faili lenye jedwali, safu tatu, mhusika, dosari, adhabu. Oedipus wa Sophocles kiburi, na wale wa Shakespeare, Macbeth tamaa, Othello wivu, Lear kupenda kusifiwa. Na kwizi yake ni kuunganisha jina na dosari. Nilipata zote ndani ya dakika moja na sikujifunza kitu. Ni kama wamezigeuza zote kuwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu, mtu kakosa, kaadhibiwa, nenda nyumbani. Kama ni hivyo mbona tunawalilia?

Chukua Oedipus. Wanasema kiburi, na kweli ana hasira, anamgombeza Teiresias, anamshuku shemeji yake Creon (yuleyule wa Antigone) bila ushahidi, hilo nakubali. Lakini kumuua baba yake kwenye njia panda na kumuoa mama yake ni mambo yaliyotokea miaka mingi kabla tamthilia haijaanza. Kinachotokea mbele yetu jukwaani ni upelelezi, mtu anatafuta muuaji kwa sababu mji wake unakufa kwa tauni. Jocasta, huyo mama aliyemuoa, anamwomba aache, anakataa. Mchungaji mzee anamwomba asiulize zaidi, anakataa. Na ile hamu ya kujua mpaka mwisho ndiyo ileile iliyotegua kitendawili cha Sphinx, zimwi lililokuwa likiutesa mji, ikauokoa mji, ndiyo iliyompa kiti cha enzi. Ungemwondolea hiyo "dosari" asingekuwa mfalme tangu mwanzo. Jedwali lao hili haliwezi kulisema maana halina safu ya kile kilichompandisha.

Somo la Othello ndo limeniudhi zaidi, ni somo la 8. Dakika 40 nzima ni wivu, wivu, wivu. Jamani, Othello mwenyewe mwishoni kabisa anajieleza kuwa ni mtu asiyekuwa mwepesi wa wivu, na huna haja ya kumwamini yote, lakini walau mwalimu angelisimamisha hilo neno akatuuliza kama ni kweli. Mi naona ugonjwa wake ni kuamua. Ni askari. Tendo la kwanza watu wanakuja na panga usiku kumkamata, yeye anawatuliza kwa sentensi moja tu, warudishe panga zao zisije zikaota kutu kwa umande. Unampenda palepale. Halafu tendo la tatu anamwambia Iago, askari wake anayemdanganya kuwa mkewe si mwaminifu, kwamba kwake kuingiwa na shaka mara moja ni kukata shauri mara moja. Ni mtu yuleyule! Vitani ukisitasita unakufa, kwa hiyo hiyo tabia ilimlea na kumpandisha cheo, sasa kaileta ndani ya nyumba, kwa mke, ambako mtu anatakiwa akae na shaka yake, aulize, asubiri, alale nayo.

Na ile leso hawakuigusa vya kutosha. Walisema tu Iago aliitumia kama ushahidi. Hawakusema ilidondoka vipi. Othello analalamika kichwa kinamuuma, mkewe Desdemona anataka kumfunga kichwa kwa ile leso, yeye anasema ni ndogo, anaisukuma, inaanguka, wanatoka wote wawili, Emilia anaiokota anampa mumewe Iago. Yaani kitu kitakachomuua mke kilianguka wakati anamuuguza mume, na mume mwenyewe ndiye aliyekisukuma. Ukiruka hapo unabaki na somo gani?

Macbeth walimfanyia haki kidogo, waliweka jemadari mwenzake Banquo pembeni yake, kwamba wote wawili wamesikia wachawi walewale na mmoja tu ndiye aliyeshika jambia, na wakasoma pale anapojihesabia mwenyewe sababu za kutomuua Duncan, ndugu yake, mfalme wake, mgeni wake nyumbani. Lear nalo ni zuri ila walikimbia. Death of a Salesman ya Arthur Miller ya 1949 imepewa nusu somo, huku kuna jambo zito pale la Willy Loman, yule muuzaji bidhaa, kukataa kazi anayopewa na jirani yake Charley ilhali kila wiki anapokea pesa za huyohuyo Charley, nilisubiri waliseme hawakulisema.

Sauti ni safi, wasomaji wa vipande wanajua kazi yao, yule anayesoma Creon ana sauti inayochoka taratibu kadiri somo linavyoendelea na sidhani kama ni bahati. Faili za maandishi ni hafifu. Niliwaandikia kuhusu lile jedwali, wakajibu kesho yake kwa heshima kwamba watalipitia, na naomba kwa dhati walipitie kweli.

Natoa nyota 3 kati ya 5. Ukiwa mwanafunzi mwenye mtihani itakusaidia, ila jedwali usilikariri. Ukiwa mpenzi wa tamthilia anza na somo la 5, kisha rudi la 1. Mimi la 5 nimeshalisikiliza mara nne, mara ya mwisho nikiwa na dada yangu ambaye hajawahi kuisoma Antigone, na Creon alipowaambia watumishi wachukue mashoka waondoke, kabla mwalimu hajauliza lolote, dada akaishika simu yangu kwa mikono miwili akasema, pangoni kwanza baba, nenda pangoni kwanza.