Namirembe hadi Lubiri kwa Miguu: Je, Ziara Hii Inalipa?

Habari zenu wapendwa, karibuni tena. Leo sina simu wala spika ya kuchambua. Bidhaa yetu ni ziara ya miguu hapa Kampala, ndani ya mitaa iliyozaa wapenda mageuzi. Mkiona natweta, ni hiki kilima cha Namirembe.

Tunaanzia kanisani. Hili ni la tano kujengwa. La nne lilipigwa na radi mwaka 1910 likateketea. Hili la matofali ya kuchoma likakamilika 1919. Pale amezikwa Albert Cook, daktari aliyeanzisha Hospitali ya Mengo mwaka 1897. Kiongozi wetu kammwagia sifa weee, mpaka mashine ya eksirei ya 1907. Anastahili, sikatai. Ila mkewe Katharine, nesi aliyewafundisha mabinti wa hapa ukunga, katajwa mara moja tu tukasonga. Hapo nakata maksi.

Kilichonifurahisha ni Simeoni Nsibambi. Mwaka 1929, kwenye kilima hikihiki, Muganda huyu alikaa na Joe Church, daktari Mwingereza aliyetoka Gahini, Rwanda, wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Uamsho wa kiroho ukashika kasi, ukavuka mipaka hadi Kenya na Tanganyika. Watu wakawa wanaungama hadharani, na wachungaji waliopoa wakaambiwa usoni kwamba wamepoa. Fikiria hilo, enzi za ukoloni! Walokole wa kwetu, shina lao ndilo hili. Kiongozi alilieleza vizuri mno, bila haraka.

Ukishuka Mengo unakutana na Bulange, bunge la ufalme wa Buganda, na barabara ya Kabaka Anjagala iliyonyooka hadi ikulu. Tazameni ile raundabauti: katikati kuna njia yenye geti, linafunguliwa Kabaka, yaani mfalme wa Buganda, akipita. Bodaboda, daladala, mimi na wewe, wote tunazunguka.

Lubiri, ikulu yenyewe, ndiko mlikoniangusha, jamani waandaaji. Tarehe 24 Mei 1966 jeshi la Rais Obote liliivamia ikulu hii, Kabaka Mutesa II akatorokea uhamishoni. Baadaye mle ndani kukawa na vyumba vya mateso vya enzi za Amin. Habari nzito hivyo, tukapelekwa mbio kama tumechelewa basi! Na kiingilio unalipa mwenyewe getini, hakimo kwenye bei.

Maksi zangu: saba kwa kumi. Vaa raba, akina dada mbebe leso ya kujifunga Bulange, na kama una watoto wadogo, wasifike vile vyumba.