Sayari nane za kupaka rangi: seti nzuri, ila zote zimesimama wima

Walimu wenzangu wa sayansi wamekuwa wakiniuliza kama wanunue ile seti ya mfumo wa Jua iliyojaa Kariakoo siku hizi, ile ya boksi la bluu lenye picha ya mtoto aliyevaa miwani. Nunueni. Ila msiipeleke darasani kama ilivyo.

Mimi nimeipata kwa Sh 45,000, muuzaji alianzia 60,000. Ndani kuna mipira 8 ya povu gumu, vijiti vya plastiki, vikopo vya rangi, taa ya njano ambayo ndiyo Jua, na mota inayozungusha mikono yote. Betri hazimo. Mota inakoroma lakini haijawahi kukwama, na taa inaonekana vizuri hata madirisha yakiwa wazi. Rangi ya bluu haitoshi: Dunia, Uranus na Neptuni zinagombania kikopo kimoja. Hilo linamalizwa na duka lolote la vifaa vya shule.

Shida yenyewe ni vijiti. Kila sayari imechomekwa wima, kama wanafunzi mstarini kiranja akipita. Mtengenezaji kakumbuka pete za Zohali, kakumbuka hata doa jekundu la Mshtarii, kaweka stika yake kabisa, halafu akaacha jambo ambalo lingewafanya watoto waulize maswali mpaka kengele ya kutoka: mwinamo wa mhimili, yaani ule mstari wa kufikirika unaopita katikati ya sayari, ambao sayari hujizungusha kwa kuufuata. Mhimili wa Zebaki ndio karibu umesimama wima, na wa Mshtarii umeinama nyuzi 3 tu. Dunia ni nyuzi 23.4, Mirihi 25, Zohali karibu 27, Neptuni 28. Halafu inakuja Uranus: nyuzi 98. Hiyo imelala kabisa, na imepitiliza kidogo.

Tena inatumia miaka 84 kulizunguka Jua mara moja. Kwa hiyo ncha yake moja hukaa na mwanga miaka kama 42, kisha giza miaka mingine 42. Chombo cha Voyager 2 kilipopita pale Januari 1986, ncha ya kusini ilikuwa imelielekea Jua karibu moja kwa moja.

"Madam, nani aliiangusha?" Hilo ndilo swali la kwanza darasani kwangu, na ni swali zuri. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba ilipokuwa changa iligongwa na gimba kubwa, lenye uzito kama wa Dunia au kuzidi. Miezi yake mikubwa nayo inazunguka sambamba na ikweta hiyohiyo iliyolala, jambo linaloashiria kwamba kishindo kilitokea mapema, na miezi ikaumbika baadaye kutokana na vumbi na mabaki yaliyoizunguka sayari. Wapo wasioutaka mgongano. Mwaka 2022 kundi moja la watafiti lilionyesha kwa hesabu kwamba mwezi mkubwa unaosogea mbali polepole ungeweza kuiinamisha sayari hadi ikalala, kisha wenyewe ukaangukia humohumo. Mimi bado niko upande wa mgongano. Hata Mwezi wetu unadhaniwa ulitokana na Dunia kugongwa. Zama zile magimba yalikuwa yakigongana ovyo.

Zuhura ni kesi nyingine. Kwenye vitabu mwinamo wake huandikwa nyuzi 177, yaani inazunguka kinyume, na taratibu mno: siku 243 za Dunia kwa mzunguko mmoja. Hapo hewa yake inashukiwa sana. Ni nzito, mgandamizo wake unakaribia mara 90 ya huu wetu, na Jua likiipasha na kuivuta kwa muda mrefu sana, hewa hiyo inaweza kuubadilisha mzunguko wa sayari yenyewe.

Sasa matengenezo. Chomoa mpira, pitisha kijiti juu ya mshumaa, usikiguse moto, mpaka plastiki ianze kung'aa na kulegea. Kipinde ukifuatisha protrakta, kishikilie hapo kipoe, kisha rudisha mpira. Cha Uranus kinapita usawa wa meza na kuinamia chini kidogo. Zuhura niliiacha wima, nikaichorea mshale wa kinyume, maana mipira inazungushwa kwa kidole.

Kuna kasoro moja ambayo mshumaa hauiondoi. Mkono ukizunguka, unageuka na kijiti chake, kwa hiyo Dunia ukiianzisha imeliinamia Jua, italiinamia mwaka mzima na majira hayatabadilika. Mhimili halisi hubaki umeelekea upande uleule angani, karibu na Nyota ya Kaskazini. Zima mota, sogeza mkono taratibu, na mtoto mmoja awe anakigeuza kijiti ili kiendelee kuelekea ukuta uleule. Matundu ya vijiti yamelegea kiasi, kwa hiyo hilo linawezekana.

Naipa nyota 3 kati ya 5. Kwa 60,000 msikubali.