Sindano za kulegeza makunyanzi: ipi uianze, ipi uingoje

Dawa zote sita ninazozipanga hapa zimetokana na kitu kimoja, sumu ya botulini aina ya A, itolewayo na bakteria aitwaye Clostridium botulinum. Ikiingia mwilini kwa wingi, hupoozesha misuli ya kupumua na kuua. Kwa kipimo kidogo mno, ikidungwa ndani ya msuli unaokunja ndita, huizuia neva isitoe asetilikolini, kemikali inayouamuru msuli ujikaze. Msuli hutulia, ngozi iliyo juu yake haikunjwi tena, na mstari hulainika. Baada ya miezi mitatu au minne neva huanza tena kuuamuru msuli na ndita hurudi. Anayeanza ajue mapema kwamba gharama hii itamrudia.

Ilianzia kwenye macho. Alan Scott, daktari wa macho wa San Francisco, aliitumia kunyoosha makengeza, na mwaka 1989 Marekani ikaipa kibali kwa kazi hiyo. Huko Vancouver, Kanada, daktari wa macho Jean Carruthers aliona kuwa wagonjwa aliowatibu kope zinazojikaza walikuwa pia wakipoteza ndita. Yeye na mumewe Alastair, daktari wa ngozi, wakachapisha taarifa yao mwaka 1992. FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, iliidhinisha matumizi ya urembo mwaka 2002.

Kabla ya kuulizia bei, simama mbele ya kioo. Kunja uso kwa nguvu, kisha uachie. Mistari inayoonekana tu wakati umekunja ndiyo inayofutika vizuri: ndita katikati ya nyusi, mistari ya paji la uso, na mikunjo ya pembeni mwa macho unapocheka. Mstari unaobaki hata uso ukiwa umetulia utapungua, lakini usitegemee utoweke wote. Mashavu yaliyolegea, madoa, vinyweleo vipana na makovu ya chunusi hayahusiani kabisa na sindano hizi. Na fila, ile ya kujaza midomo na mashavu, ni bidhaa nyingine yenye hatari zake, ingawa matangazo ya kliniki huviweka pamoja.

Sisi wenye ngozi nyeusi, melanini, yaani rangi ya asili ya ngozi, hutukinga na jua kwa kiasi kikubwa, ndiyo maana mistari myembamba hutuchelewa. Ndita haziangalii rangi, kwa sababu zinaletwa na msuli. Lakini kijana wa miaka 26 ambaye uso wake ukitulia hauna hata mstari, anayeshawishiwa "ajikinge mapema", namsihi abaki na fedha yake. Anunue mafuta ya kujikinga na jua.

Kliniki kwanza, jina la dawa baadaye

Watu huniuliza "ipi bora?" kana kwamba jina la dawa ndilo linaloamua. Ukweli ni kwamba tofauti kati ya dawa hizi zilizo halali ni ndogo kuliko tofauti kati ya daktari na daktari. Misuli ya uso ni myembamba na imepakana. Sindano ikishuka kidogo tu chini ya inapotakiwa juu ya jicho, kope linaweza kuanguka na kubaki hivyo kwa wiki kadhaa. Tafuta daktari wa ngozi au wa upasuaji wa kurekebisha maumbile aliyesajiliwa: Kenya msajili ni KMPDC, baraza la madaktari na madaktari wa meno, Tanzania Bara ni Baraza la Madaktari Tanganyika. Fundi wa kope na kucha, hata awe hodari kiasi gani katika kazi yake, hana mafunzo ya kukuokoa ukianza kushindwa kumeza.

Jambo la pili ni uhalali wa kichupa. Mwezi Aprili 2024 FDA ilionya kuhusu Botox bandia iliyoonekana katika majimbo kadhaa ya Marekani, na baadhi ya waliodungwa walilazwa hospitalini. Mwaka 2025 maafisa wa afya Uingereza walitangaza watu walioonyesha dalili za sumu ya botulini baada ya kudungwa bidhaa zisizo na kibali. Kama imetokea kwenye nchi zenye ukaguzi mkali namna hiyo, kifurushi kinachofika na abiria kutoka Dubai au kilichoagizwa mtandaoni kwa nusu bei ni hatari ya wazi. Omba kuona boksi: jina la mtengenezaji, namba ya bechi, tarehe ya mwisho wa matumizi. Uliza kama imesajiliwa na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, kwa Tanzania Bara, au Bodi ya Famasia na Sumu kwa Kenya. Daktari mwenye dawa halali hakasiriki kuulizwa.

Tatu ni ubaridi, na hili kwetu halizungumzwi vya kutosha. Nyingi ya dawa hizi zinatakiwa kukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8. Ni unga uliokaushwa chini ya kichupa. Daktari huuchanganya na maji ya chumvi ya dawa kabla ya kudunga. Umeme ukikatika usiku kucha na kliniki haina jenereta, dawa inaweza kupoteza nguvu bila kubadilika rangi wala harufu, nawe ukalipa bei kamili kwa sindano isiyofanya kazi. Uliza wanafanyaje umeme ukikatika. Uliza pia kichupa kimechanganywa lini. Maelekezo ya Botox yanataka itumike ndani ya saa 24 baada ya kuchanganywa, na kwa mgonjwa mmoja. Kichupa kilichofunguliwa Ijumaa kisifike kwenye uso wako Jumatatu. Mimi ningetaka kifunguliwe mbele yangu.

Ukikosa majibu ya hayo, usiendelee hata kama dawa ni namba moja kwenye orodha hii.

1. Botox

Naiweka juu kwa anayeanza. Sababu si kwamba ina nguvu kuliko nyingine. Ni kwamba ina rekodi ndefu, na madaktari wengi wamejifunzia kazi kwayo. Ilipata idhini ya Marekani kwa ndita mwaka 2002, pembeni mwa macho 2013, paji la uso 2017, na mikanda ya shingo, yaani misuli inayojitokeza wima shingoni, 2024. Mtengenezaji ni Allergan, ambayo sasa iko chini ya AbbVie.

Faida yake kubwa kwa mnunuzi ni vipimo vinavyojulikana. Kipimo kilichoidhinishwa ni yuniti 20 (yuniti ni kizio cha kupimia nguvu ya dawa) kwa ndita, zikigawanywa sehemu tano. Yuniti 24 kwa macho yote mawili. Na 20 kwa paji, zikienda pamoja na zile 20 za ndita. Jumla ni 64 kwa uso wote wa juu. Daktari anaweza kupunguza au kuongeza kulingana na msuli, na wanaume mara nyingi huhitaji zaidi kwa kuwa misuli yao ni minene. Lakini ukiambiwa ndita pekee zimekula yuniti 60, uliza kwa nini.

Kasoro yake ni bei, na kwamba kwa umaarufu wake ndiyo inayowavutia waghushi.

2. Xeomin

Kwa umbali mdogo sana inaifuata, na katika mji usio na umeme wa kutegemewa ningeitanguliza. Inatengenezwa na Merz ya Ujerumani, na Marekani iliiidhinisha kwa ndita mwaka 2011. Kipimo cha ndita ni yuniti 20. Zile protini nyingine zinazoambatana na sumu zimechujwa, imebaki yenyewe. Hoja ni kwamba mwili huweza kutengeneza kingamwili dhidi ya dawa hadi ikaacha kufanya kazi, na protini zikipungua, nafasi hiyo nayo hupungua. Kwa vipimo vidogo vya urembo tatizo hilo ni nadra, kwa hiyo usilipe nyongeza kubwa kwa sababu hiyo pekee.

Kilichonivutia zaidi ni uhifadhi. Kichupa ambacho hakijafunguliwa kinaweza kukaa kwenye joto la chumba hadi nyuzi 25. Nairobi au Arusha hilo ni jambo la kweli. Dar es Salaam, Mombasa au Muscat joto la chumba mwezi Februari au Juni linapita hapo, kwa hiyo bado friji inahitajika, ila umeme ukipotea kwa saa chache wasiwasi ni mdogo.

3. Dysport

Hapa ndipo wateja wengi wanapochanganyikiwa. Yuniti ya Dysport si yuniti ya Botox. Kila mtengenezaji hupima kwa njia yake, na vibali vyenyewe vinasema wazi kwamba yuniti hizi hazibadilishani. Ndita zinazotumia yuniti 20 za Botox hutumia 50 za Dysport. Tuseme kliniki moja inauza Botox kwa dola 14 kwa yuniti na nyingine Dysport kwa dola 5. Inaonekana ni bei ya theluthi. Piga hesabu: 20 mara 14 ni dola 280, 50 mara 5 ni dola 250. Umeokoa dola 30. Ni kama kulinganisha debe na kibaba kwa kuhesabu vyombo. Linganisha bei ya eneo zima, na daima uandikiwe jina la dawa pamoja na idadi ya yuniti.

Kwa upande wa matokeo, wengi huona mabadiliko siku ya pili au ya tatu, mapema kidogo kuliko Botox, kwa hiyo inamfaa mwenye harusi karibu. Husambaa kwa upana zaidi kutoka ilipodungwa, jambo linalofaa kwenye paji pana na linalohitaji uangalifu karibu na nyusi. Mwenye mzio wa protini za maziwa ya ng'ombe asiiguse kabisa. Ulaya utakutana nayo pia kwa jina la Azzalure.

4. Jeuveau na Letybo

Nimeziweka pamoja kwa kuwa zote zimezaliwa Korea Kusini na zote hutumia yuniti 20 kwa ndita. Jeuveau ni ya Daewoong, iliidhinishwa Marekani mwaka 2019, na katika majaribio ililinganishwa ana kwa ana na Botox bila kuachwa nyuma. Letybo ni ya Hugel, iliidhinishwa mwaka 2024. Kwao Korea inauzwa kwa jina la Botulax. Ni dawa nzuri na mara nyingi ni nafuu.

Kinachozishusha kwangu ni njia zinazopita. Vichupa vya Kikorea vya kila namna vinauzwa waziwazi kwenye mitandao, vingine halali huko kwao lakini havina usajili mahali unapoishi, vingine havijulikani vimetoka wapi. Ukiipata kwa daktari mwenye nyaraka, hamna sababu ya kuikataa.

5. Daxxify

Ndiyo inayodumu kuliko zote. Iliidhinishwa Marekani mwaka 2022, na katika majaribio nusu ya watu walikaa takriban wiki 24 kabla ya ndita kurejea. Kipimo cha ndita ni yuniti 40. Badala ya albumini, protini ya damu ya binadamu iliyomo kwenye hizo nyingine tano, imetulizwa isiharibike kwa peptidi, kipande kifupi cha aina ya protini. Msomaji anayejali asili ya viambato kwa sababu za dini ana haki ya kuulizia hilo kabla ya kukubali dawa yoyote hapa.

Mbona basi iko chini? Kwa sababu hii ni orodha ya anayeanza. Fila nyingi zinaweza kuyeyushwa zikikosewa. Sumu hii ikishaingia kwenye msuli haina kiondoleo, zaidi ya matone ya macho yanayoinua kope kwa muda. Usipoupenda uso wako mpya, ni heri ungoje miezi mitatu kuliko sita. Aliyekwisha kujua kipimo chake na daktari wake, na anaishi Marekani inakopatikana, kwake inapanda hadi nafasi ya pili.

Nani asidungwe

Mjamzito na anayenyonyesha wasubiri. Mwenye maambukizi au jipu mahali pa kudungwa apone kwanza. Mwenye maradhi ya misuli na neva, kama myasthenia gravis, amwambie daktari kabla ya kitu kingine chochote, na vivyo hivyo aliye kwenye dozi ya antibayotiki iitwayo gentamicin, kwani dawa hiyo huongeza nguvu ya sumu. Dawa za kupunguza kuganda kwa damu huleta michubuko. Usiziache bila ruhusa ya aliyekuandikia.

Kichwa kuuma na alama ndogo za damu ni kawaida na hupita. Si kawaida kushindwa kumeza, sauti kubadilika, kuona vitu viwili au kupumua kwa shida, iwe baada ya saa chache au wiki kadhaa. Hapo nenda hospitali moja kwa moja na uwaambie umedungwa nini. Usianze kwa kumpigia aliyekudunga.

Mara ya kwanza, omba kipimo cha chini na tarehe ya kurudi baada ya wiki mbili, wakati dawa imeshafika kileleni. Kuongeza ni rahisi. Kisha usidungwe tena kabla ya miezi mitatu kuisha. Ondoka na karatasi yenye jina la dawa, yuniti kwa kila sehemu na namba ya bechi, hasa ukiwa mtu wa kuishi kati ya Mombasa na Muscat au Dar na London, ili daktari wa pili asikisie kipimo kwa yuniti za dawa nyingine.