Seva ya soketi mbili au zaidi: ipi ununue Mbeya, Iringa na Njombe

Seva nyingi za bei nafuu zinazofika SACCOS, shule na hospitali za Nyanda za Juu Kusini ni mtumba, zikipandishwa kutoka Dar es Salaam kwa basi au lori. Muuzaji huanza kwa kutaja idadi ya kori, yaani vitengo vya kazi vilivyo ndani ya prosesa, chipu kuu ya mashine. Wewe anza kwa kuuliza RAM, kumbukumbu ya muda ya mashine, imepangwaje.

Kwenye seva ya soketi mbili, yaani yenye nafasi mbili za prosesa, kila prosesa ina chaneli zake (njia za kufikia RAM) na njia zake za kadi za PCIe, kama kadi za mtandao na za diski. Prosesa ikihitaji data iliyo kwenye RAM ya mwenzake, ombi huvuka kiungo kilicho kati yao, ambacho Intel walikiita QPI na tangu 2017 wakaleta UPI. Data hufika, ila imechelewa. Mpangilio huu ndio NUMA, na ndio unaoamua kama pesa yako imeingia kwenye kasi au kwenye bati tupu.

Nafasi ya kwanza naipa Dell PowerEdge R730 na HPE ProLiant DL380 Gen9, zote za 2014. Zinabeba prosesa mbili za Intel Xeon E5-2600 v3 au v4, na zina nafasi 24 za RAM, 12 kwa kila prosesa. Chukua v4, inayofika kori 22 kwa prosesa. Mtego wake ni huu: ikiuzwa na prosesa moja, nafasi 12 za RAM hazifanyi kazi, pamoja na baadhi ya nafasi za kadi. Kila prosesa ina chaneli nne, kwa hiyo vipande vinane vya GB 16, vinne kila upande, vinafaa kuliko viwili vya GB 64. Jumla ni ileile GB 128, lakini kwa vipande viwili chaneli sita kati ya nane zinakaa bure. Hapa ndipo wanunuzi wengi hupoteza, na inaniuma kwa sababu kurekebisha ni rahisi kabla ya kulipa.

Ya pili ni ya soketi moja yenye AMD EPYC 7002 ya 2019, kama PowerEdge R7515. Prosesa moja hufika kori 64, ina chaneli nane za RAM na njia 128 za PCIe. Kwa ubora ingekuwa ya kwanza. Bei na vipuri ndivyo vinavyoishusha. Tahadhari ukitaka kubadilisha prosesa: EPYC iliyotoka kwenye seva ya Dell inaweza kuwa imefungwa kwa Dell, ikagoma kuwaka kwenye bodi ya kampuni nyingine.

Shule au ofisi isiyo na reki (fremu ya kufungia seva) wala chumba cha seva ichukue PowerEdge T440, ya kusimama sakafuni.

Ya mwisho ni soketi nne, kama PowerEdge R930 yenye nafasi 96 za RAM. Iache, hata kwa bei ya kutupa. Inakula umeme, UPS yake lazima iwe kubwa, na leseni ya SQL Server, programu ya hifadhidata ya Microsoft, ikihesabiwa kwa kori hudai angalau kori nne kwa kila prosesa.

Mwinuko wetu nao uupigie hesabu. R730 imepangiwa nyuzi 10 hadi 35 za Selsiasi, na juu ya mita 950 kikomo cha nyuzi 35 hushuka nyuzi moja kila mita 300, kwa kuwa hewa nyepesi hupoza kidogo. Mbeya mjini, kwenye mita 1,700 hivi, kinabaki kama 32.5. Chumba kidogo kilichofungwa mchana wa Oktoba kinaweza kukipita. Njombe usiku wa Juni shida ni upande wa pili, ule wa nyuzi 10.

Mashine ikishavuka mlima wa Kitonga njiani kutoka Dar, fungua mfuniko, kandamiza kila kipande cha RAM na uhakikishe hitsinki, vipozi vya prosesa, hazijalegea. Washa Linux, andika numactl --hardware. Kwenye R730 kamili, kwa kawaida utaona nodi mbili (kila nodi ni prosesa pamoja na RAM yake) zenye RAM inayokaribiana. Nodi moja ikionyesha sifuri, usilipe. Kisha ingia iDRAC, ukurasa wa Dell wa kusimamia seva, au iLO kwa HPE, usome kumbukumbu za hitilafu za RAM na za pawasaplai zote mbili, muuzaji akiwa bado amesimama hapo.