Santuri imepinda? Anza na klampu, mengine baadaye

Kabla hujatoa hela weka santuri juu ya kioo, inama macho yawe usawa wa meza uangalie imepinda wapi, manake hapo ndo utajua ununue nini. Kuna inayokaa kama bakuli, ukingo wote juu, ukiigeuza inakuwa kama mfuniko wa sufuria, lebo ndo imenyanyuka. Alafu kuna iliyoinuka ukingo sehemu moja tu, hii sumbufu kweli, kwenye LP (ile santuri kubwa) sindano inarushwa kila mzunguko, yaani kila sekunde 1.8, na spika ya besi unaiona kabisa inapumua wakati hata wimbo haujaanza.

Kwangu namba moja ni klampu. Inang'ang'ania kile kipini cha katikati, inashika kwa kubana sio kwa uzito, so beringi ya pleya haiteseki. Kwa ile ya bakuli kuna ujanja: tia washa nyembamba ya plastiki (kiduara chenye tundu katikati) chini ya lebo ndo ubane, lebo inasukumwa chini kuzunguka washa na ukingo unalala wenyewe. Yangu nilikata kwenye mfuniko wa ndoo ya rangi, inafanya kazi mpaka leo. Ila cheki kipini kwanza, kwenye pleya zingine ni kifupi mno klampu haina pa kushika.

Namba mbili uzito, ile kama jiwe la mizani, zipo za gramu 200 na zipo zinazopita 700. Inasaidia ya mfuniko tu, ya bakuli lebo imeshagusa chini sasa unagandamiza nini? Pleya ya Technics SL-1200 haina shida nayo, lakini pleya zinazokaa kwenye springi kama Linn LP12 au Thorens TD 160 zinadidimia, na Rega, watengeneza pleya, wenyewe wanakwambia usiweke. Ukinunua chukua nyepesi.

Pete ya ukingo, lile duara la chuma linalogandamiza ukingo wote wa santuri, naiweka ya tatu ingawa kwa ukingo ulioinuka klampu haioni ndani kwake. Shida ni masharti yake. Inataka sahani ya pleya ilingane na LP, sasa ile ya SL-1200 ina milimita 332 wakati LP ni kama sentimita 30, pete haikai. Ukishusha mkono vibaya sindano inagonga chuma, kwaheri sindano. Na sisi wenye rundo la 45 (zile santuri ndogo za wimbo mmoja kila upande) za dansi za miaka ya 70 haitusaidii chochote, hizo ni ndogo.

Zile mashine za kunyonya hewa chini ya santuri, kampuni za SOTA na Luxman walitengeneza, Audio-Technica nao walikuwa na AT-666, zinalaza santuri kama karatasi lakini mpira wake ukizeeka hewa inavuja, na bei yake unapata gunia la santuri. Achana nazo.

Kumbuka hizi zote ukitoa santuri inarudi kupinda. Ukitaka inyooke moja kwa moja tafuta kifaa cha kupasha na kugandamiza, Vinyl Flat kwa mfano, ufuate muda waliosema. Usifanye kama mimi, niliibana kati ya vioo viwili nikaianika juu ya bati asubuhi, nikapitiwa na usingizi mpaka saa nane mchana. Imenyooka kweli jamani, ila upande A sasa unasikika kama mtu anakaanga samaki.