Magari ya spoti ya zamani: ningenunua lipi kwanza

Anayenunua gari la spoti la zamani kwa mara ya kwanza hukimbilia kufungua boneti. Aliyekwisha kuungua hulala chini akachungulia uvunguni. Injini iliyochoka fundi hodari huiamsha, lakini bodi iliyoliwa na kutu humaliza akiba ya mtu. Kwa hiyo nimepanga magari haya kwa swali moja: ukikosea, utaumia kiasi gani?

La kwanza ni MGB, iliyotoka mwaka 1962 hadi 1980. Silinda nne, cc 1798, na hakuna kompyuta hata moja. Yalitengenezwa zaidi ya nusu milioni huko Abingdon, Uingereza, ndiyo maana spea hazisumbui. Hata bodi nzima mpya unaweza kuagiza. Kuanzia mwishoni mwa 1974 walilivika bampa nyeusi za mpira na kuliinua, likawa linayumba zaidi kwenye kona. Wakusanyaji hulikunjia uso, nalo huuzwa kwa bei ya chini. Kama unataka la kuendesha na si la maonyesho, lichukue bila haya. Ila kagua mbavu za chini ya milango, kwani ndizo zinazobeba gari, hasa lile la paa la kukunja. Tazama mwanya wa mlango: ukiwa mwembamba juu na mpana chini, gari limeshaanza kupinda katikati.

La pili ni Mazda MX-5 ya mwanzo, 1989 hadi 1997. Wapo wanaosema bado halijazeeka, waache wabishane. Linawaka kila asubuhi, na huko Japani, ambako liliuzwa kwa jina la Eunos Roadster, usukani uko kulia kama huku kwetu. Vijitundu vya kutolea maji ya paa vikiziba, maji huteremkia kwenye mbavu za chini na kuziozesha kimyakimya.

Moyo wangu uko kwa la tatu, Datsun 240Z. Ni silinda sita, lita 2.4, boneti ndefu na mkia mfupi. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nalo Safari Rally, na mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akarudia akiwa na Lofty Drews. Mbona basi lisiwe la kwanza? Kwa sababu gari lililoyashinda matope ya Safari hushindwa na kutu ya chini ya betri. Ng'oa betri utazame kibao chake, kisha kunja zulia ukague sakafu. Muuzaji akikukataza, umeshapata jibu.

Porsche 911 ya mwaka 1978 hadi 1989 ni ya nne, kwa sababu ya gharama tu. Bodi yake imepakwa zinki, kwa hiyo kutu si tishio kubwa kama kwa wenzake. Injini ndiyo ya kuogopa: kuifungua na kuifunga tena kunaweza kugharimu kuliko MGB nzima. Omba risiti za matengenezo. Ahadi za mdomo usizihesabu.

Jaguar E-Type, iliyoanza kutoka 1961, naiweka mwisho ingawa sijaona lingine zuri kama hilo. Breki za nyuma zimefichwa ndani, kando ya difu (giaboksi ndogo inayogawia magurudumu ya nyuma nguvu), ambako fundi hufika kwa taabu, na boneti ndiyo karibu uso wote wa mbele. Ikigongwa, utalia.

Aliye Kenya akumbuke kuwa magari yaliyotumika yanayoingizwa hayaruhusiwi kuzidi umri wa miaka 8, hivyo atafute yaliyokwisha kuwa nchini. Tanzania umri wa gari huongeza ushuru. Uliza hesabu kabla ya kutuma pesa.

Siku ya ukaguzi beba sumaku ndogo uliyoifunga kitambaa. Isiposhika kwenye tao la gurudumu, chini ya rangi kuna puti, ule udongo wa kuzibia mashimo ya kutu. Linganisha namba ya chesisi na ile ya kwenye kadi. Na mwambie muuzaji asiwashe gari kabla hujafika: ukikuta boneti ina joto, amekwisha kufukuza ule moshi ambao hakutaka uuone.